Chumvi ya Ba: gumzo la majirani wa fleti, Upanga, Dar es Salaam

Jumapili, 27 Oktoba 2024

Baba Kelvin (fleti 10), 18:04: Majirani habari za jioni. Mimi bado mgeni humu, mniwie radhi nikikosea. Leo nimepita Kisutu, maua yanauzwa mpaka barabarani na madukani taa zinawaka kila rangi. Diwali ni lini hasa? Niwatakie heri mapema Wahindi wetu wote wa jengo hili, fleti 2, 7 na 9.

Mama Husein (fleti 2), 18:11: Ahsante sana jirani. Ila sisi ni Bohora, Waislamu, sikukuu zetu ni Idd. Fleti 9 ni Ismailia, nao Waislamu pia. Wenye Diwali humu ni fleti 7 peke yao. Wala usijali, watoto wangu huulizwa shuleni kila mwaka.

Baba Kelvin, 18:13: Samahani sana mama. Kwetu Moshi tulikuwa tukisema Wahindi, basi, tumemaliza.

Mzee Kombo (fleti 1), 18:25: Hamna kosa kijana. Ukikaa Upanga utawajua mmoja mmoja. Kuna Bohora, Ismailia, Ithnaasheri, hao tunakutana nao kwenye Uislamu. Kuna Wagoa, ni Wakatoliki, utawakuta Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Kuna Kalasinga. Halafu hawa Wahindu, zamani tukiwaita Baniani, nao wana koo na jamaa zao: Lohana, Patel, Bhatia. Wajaini nao wana hekalu lao na Diwali wanayo, kwa sababu yao nyingine. Mimi nimezaliwa mji huu na bado najifunza.

Neema (fleti 6), 18:31: Shikamooni wakubwa. Nina ombi moja tu, fataki. Mtoto ana wiki tano, akishtuka halali tena mpaka asubuhi. Wakipiga wapige upande wa barabarani, tafadhali.

Mama Salma (fleti 4), 18:40: Marahaba mwanangu. Ngazi yetu mwaka huu sidhani. Hamjautazama mlango wa fleti 7? Hauna hata jani moja la mwembe. Mwaka jana siku kama hizi ulishafungwa uzi wa majani na maua kutoka pembe hadi pembe. Bhavesh atasema mwenyewe akipenda. Msimsukume.

Bhavesh (fleti 7), 21:52: Shikamoo Mzee Kombo. Mama Salma, ahsante. Majirani, nimechelewa dukani, tunahesabu mali.

Kaka Baba Kelvin, ahsante kwa salamu. Mama yetu, humu wote walimwita Ba, alifariki mwezi wa sita. Kwetu nyumba iliyofiwa haisherehekei sikukuu mpaka mwaka upite. Hata Navratri, zile siku tisa zilizoanza tarehe 3 mwezi huu, Krupa wetu hakwenda kucheza garba, ngoma ya siku hizo, na yeye garba ndiyo roho yake. Kwa hiyo Diwali hii hatupiki mithai, hatuchori rangi mlangoni, hatuwashi vitaa ngazini. Tutawasha kimoja tu ndani, kwa Mungu. Msione tumewanunia.

Neema, fataki hatuna kabisa. Mtoto alale.

Neema, 21:55: Poleni sana kaka. Sikujua kama mila iko hivyo. Nisamehe kwa kuanza na fataki.

Bhavesh, 22:03: Hujakosa. Kuhusu siku: Diwali huangukia giza la mwezi, usiku ule mwezi hauonekani kabisa. Mwaka huu giza linaingia Alhamisi tarehe 31 kama saa saba mchana kwa saa za hapa, linatoka Ijumaa kabla ya saa kumi alasiri. Ibada ya Lakshmi, mungu wetu wa kike wa neema, inataka jua lizame giza likiwa bado limo. Ijumaa jua litazama giza limeshatoka, ndiyo maana kwetu ni Alhamisi. Wengine watashika Ijumaa, hatugombani. Mwaka mpya wa Kigujarati ni Jumamosi tarehe 2, unaingia mwaka 2081 kwa hesabu ya Vikram, kalenda yetu ya Kihindu. Ijumaa inabaki siku tupu katikati, haina mwaka wa jana wala wa kesho.

Mzee Kombo, 22:10: Kumbe nanyi mna mambo ya mwezi. Sisi tunangoja uandame, ninyi mnangoja ufe. Na watu wanapishana siku vilevile.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mama Salma, 06:48: Jana nilishindwa kulala. Naandika ndefu, mnivumilie.

Ba alikuwa na sinia la bati. Wiki hii ya Diwali analoweka ndani ya ndoo vile visahani vya udongo, usiku kucha. Niliwahi kumuuliza nikiwa mtoto kwa nini anaogesha vitaa. Akaniambia udongo mkavu una kiu, usipounywesha maji utakunywa samli yote na taa itazima kabla ya wageni. Asubuhi anavitoa, anaviinamisha juu ya gazeti vikauke. Halafu anakaa hapo kwenye ngazi ya juu, anachomoa pamba, anaisokota kwa viganja mpaka inakuwa utambi mwembamba, ncha yake anailowesha kidole cha samli. Mimi na marehemu dada yangu kazi yetu ilikuwa kupanga kimoja kila ngazi, upande wa ukuta, ili watu wasipige teke.

Na miguu! Anakunja ngumi, ubavu wa ngumi anauchovya kwenye uji wa unga wa mchele, anagonga sakafuni. Inatoka kama unyayo wa mtoto mchanga. Kisha kwa ncha ya kidole anaweka vidole vitano, tuk tuk tuk. Nyayo zinatoka ngazini zinaelekea ndani tu, hakuna hata moja inayotoka. Ndiyo Lakshmi huyo anaingia na neema. Mama yangu alikuwa akipita pale anajishika baibui lisifute unga, na yeye alikuwa mtu wa msikitini haswa.

Nimemkumbuka sana Ba.

Mama Krupa (fleti 7), 07:15: Mama Salma umeniliza nikiwa naandaa chai. Sinia lile lipo. Nimelifunga kwenye kanga aliyopewa na mama yako.

Baba Kelvin, 07:30: Wazee wangu, nina wazo. Kama wao mila haiwaruhusu kuwasha, sisi majirani tuwashe ngazini Alhamisi kwa niaba ya Ba. Vitaa nitanunua mimi.

Mama Krupa, 07:58: Kaka, Mungu akubariki. Lakini hapana, tafadhali. Ngazi ikiwaka, na mlango wetu utakuwa umewaka, watu wa hekaluni wanaopanda kutusalimia watashangaa. Tuache mwaka huu upite kimya. Mwakani Diwali ni Oktoba tarehe 20, nitakuita wewe wa kwanza uje usokote pamba.

Baba Kelvin, 08:01: Nimeelewa dada. Nitakuja.

Mzee Kombo, 08:20: Umejibu vizuri Mama Krupa. Msiba una adabu zake na mwenye msiba ndiye anayejua.

Nimwongezee kidogo Baba Kelvin. Babu yake Ba alikuja kwa jahazi kutoka Mandvi, Kutch. Majahazi ya kule yalikuwa yanangoja kaskazi, upepo unaoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, ndio uwalete huku. Kurudi wanangoja kusi. Kwa mfanyabiashara wa Kigujarati mwaka unafungwa Diwali: anapiga hesabu, anafungua daftari jipya lenye jalada jekundu, linaombewa dua kabla ya kuandikwa. Msimu wa mauzo na msimu wa upepo vinakaribiana. Maneno nayo yakaja humohumo jahazini na kwenye daftari. Pesa, laki, hundi, bima, yote hayo ni ya kwao, sisi tunayatumia kila siku bila kuuliza.

Mwaka 1971 ilipotoka sheria ya serikali kuchukua majumba ya kuanzia shilingi laki moja, jamaa wengi wa Upanga walifunga masanduku wakaenda Uingereza na Canada. Mume wa Ba alibaki. Nilimuuliza, akanijibu kwamba mke wake amekataa, ameshazoea maji ya hapa. Basi wakakaa.

Bhavesh, 08:41: Ni kweli kabisa, mzee. Ndugu wote wa Ba wako Leicester, Uingereza. Yeye alikwenda mara moja, akarudi kabla ya tarehe ya tiketi. Alisema kule jioni hakuna mtu anayepiga hodi.

Daftari jipya nitafungua, hesabu haisubiri. Siku hizi naweka na kompyuta ya duka pembeni yake, nayo ipate dua.

Mama Salma, 09:05: Mama Krupa, nataka kujua kitu. Visheti mnakula? Havina yai.

Mama Krupa, 09:12: Tunakula.

Mama Salma, 09:13: Nitakaanga kwa mafuta mapya, karai jipya, halijawahi kuona samaki. Na kashata za nazi, zile alizozipenda Ba. Usiseme hapana kwa hili pia. Kwetu mfiwa hapiki, anapikiwa.

Mama Krupa, 09:20: Kwetu nako, sikukuu ya kwanza ndugu huja na kitu kitamu kuvunja ule msiba. Wetu wako mbali. Lete Mama Salma. Lete.

Mama Husein, 09:24: Na mimi naleta. Barfi ya maziwa, yai sitii.

Neema, 12:40: Mama Salma, yule mtoto wangu mkubwa, Junia, ananisumbua. Anauliza Jumamosi kama "atauza chumvi". Ni chumvi gani?

Mama Salma, 12:52: Jamani! Chumvi! Nilisahau kabisa kuisema.

Alfajiri ya mwaka mpya wao Ba alikuwa anapenda kitu cha kwanza kuingia nyumbani kiwe chumvi. Watoto wa ngazi wanashuka na kupanda na chumvi kwenye vikopo, wanagonga, wanasema "sabras, sabras". Ba anachukua kijiko kimoja kwa kila mtoto, anampa sarafu ya mia mbili na ladu. Mimi nimeuza chumvi hiyo, Salma ameuza, na mwaka jana Junia naye aliuza. Wakati wetu ilikuwa shilingi moja.

Bhavesh, 13:30: Sabras ni chumvi yenyewe, kwa maana kwamba humo umo utamu wa vyakula vyote. Kule Gujarat wauzaji hupita nayo nje alfajiri. Hapa hakukuwa na muuzaji wa kupita Upanga saa hiyo, kwa hiyo Ba aliwafundisha watoto wa jengo.

Neema, 13:33: Basi nitamwambia mwaka huu hakuna, mwakani.

Bhavesh, 14:47: Neema subiri. Nimeongea na Hina, Mama Krupa, na nimempigia simu mjomba wangu mkubwa. Mithai hatupiki, taa hatuwashi, hayo yanabaki. Lakini chumvi haiko kwenye furaha wala kwenye msiba, ni chumvi. Nyumba haikai bila chumvi. Junia aje. Watoto wote waje kama kawaida yao.

Mama Salma, 14:48: 😭🙏🏾

Ijumaa, 1 Novemba

Neema, 10:15: Asante Mama Salma na Mama Husein kwa visheti na barfi za jana, mpaka kwangu vilifika.

Bhavesh, 19:20: Jamani nina shida. Ba alikuwa anakusanya sarafu kuanzia mwezi wa tisa, mimi sikukumbuka. Nani ana chenji za mia mbili mia mbili? Watoto nimewahesabu kumi na mmoja. Nina noti ya elfu tano hapa.

Mzee Kombo, 19:26: Ninazo saba, za daladala. Tuma Krupa ashuke.

Mama Husein, 19:31: Nne zipo kwangu. Apitie na hapa.

Baba Kelvin, 19:40: Wawe kumi na wawili kaka, Kelvin naye ameshajaza kikopo. Yake naleta mwenyewe.

Jumamosi, 2 Novemba

Neema, 05:49: Junia yuko ngazini tangu saa kumi na moja na nusu. Amekataa kuvaa viatu.

Mama Salma, 06:02: Nimewasikia. "Sabras, sabras", jengo zima limeamka. Saal Mubarak, Bhavesh. Saal Mubarak, Mama Krupa.

Baba Kelvin, 06:05: Mubarak? Kama ya Idd?

Mama Husein, 06:06: Ileile. Saal ni mwaka.

Mama Krupa, 06:40: Saal Mubarak majirani wote. Kumi na wawili wamekuja. Kelvin amemwaga nusu yake mlangoni kwa haraka, tumeizoa pamoja. Zote nimezitia kwenye bakuli la Ba la mfuniko, limejaa mpaka juu. Hiyo ya mlangoni nimeiweka kando, ina mchanga kidogo, nitachemshia maji ya kusukutua.

Mama Krupa, 06:41: Mama Salma, kikopo cha bluu ni chenu? Kimebaki huku.

Mama Salma, 06:43: Ni chetu. Kaa nacho, nakuja kunywa chai.