Kampuni haijauza hata pakiti moja, tayari tunadaiwa kodi ya mapato

Wakuu, habari za majukumu.

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Tuko watatu, tumesajili kampuni hapa Morogoro ya kusaga na kufungasha viungo: mdalasini, pilipili manga, karafuu, mali inayoshuka kutoka Matombo na Kinole ndani ya magunia na kuondoka mkoani vilevile ilivyo. BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, sina neno nao. Maombi tulifanya mtandaoni, namba za vitambulisho vya taifa (NIDA) zikaingia, katiba ya kampuni ikapita, ada tukalipa, cheti kikatoka tukakichapa wenyewe. Yaliyofuata ofisi ya kodi ndiyo yamenileta hapa. Ofisi yenyewe siitaji, ila wenyeji wa mikoani mtaijua tabia yake.

TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni ni bure, hilo kila mtu alielewe, na anayekuomba hela ya TIN ni mwizi. Tukapeleka cheti, katiba, TIN za wakurugenzi, barua ya serikali ya mtaa na mkataba wa pango. Kwenye mkataba wa pango ndipo shughuli ilipoanzia.

Godauni tunalipa 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Ushuru wa stempu asilimia 1, sawa, 36,000 tukatoa. Ikaja kodi ya zuio asilimia 10, ambayo ni 360,000. Kodi hii kisheria ni ya mwenye nyumba. Mpangaji kazi yake ni kuikata kwenye pango na kuipeleka serikalini. Sasa kamwambie mwenye nyumba mzee wa Kiluguru kwamba utamkata 360,000 kwenye hela yake! Alichosema ni kifupi: "Mwanangu, mimi nataka laki tatu yangu kamili, hayo mengine malizaneni hukohuko." Ofisini nako wanajua fika kwamba mpangaji ndiye anayebeba mzigo huo, miaka yote, nchi nzima, na hakuna anayemfuata mwenye nyumba. Wanamshika aliye mbele ya dirisha kwa kuwa ndiye mwenye shida ya karatasi. Tukalipa.

Hayo ningeyameza. Ninachokataa ni makadirio, yaani kodi inayokisiwa mapema kwa faida ya mwaka.

TIN imetoka, tunaambiwa ili tupate cheti cha uthibitisho wa kodi cha kupeleka halmashauri kuombea leseni, lazima tufanyiwe makadirio na tulipe awamu ya kwanza. Tukaitwa mezani. Afisa akafungua katiba ya kampuni, akaweka kidole kwenye mstari wa mtaji wa hisa.

"Mtaji wenu milioni kumi, si ndiyo, kaka?"

"Ndiyo bosi, lakini hiyo ni thamani ya hisa. Hela iliyopo imeshaishia kwenye mashine na pango."

"Mashine inafanya kazi?"

"Bado haijafungwa. Umeme wa njia tatu haujaingia."

Akaandika pembeni kwa penseli, milioni sita. Ndiyo faida yetu ya mwaka, alivyoona yeye. Asilimia 30 yake ni 1,800,000, gawa kwa awamu nne, 450,000 kila robo mwaka. Hakuuliza kilo moja ya mdalasini tunainunua bei gani shambani. Hakuuliza mnunuzi ni nani. Hakuuliza hata kama bidhaa imeshapimwa na shirika la viwango, TBS, na bidhaa ya chakula haiingii dukani bila hilo. Mtaji wa kwenye katiba ndiyo ulikuwa kipimo chake, basi.

Wakuu, kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30 ya faida. Mtaji hautozwi kodi ya mapato. Na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 imeweka wazi kwamba taarifa ya makadirio anaiandaa mlipakodi mwenyewe. Kamishna asiporidhika ana mamlaka ya kuweka makadirio yake, sikatai, lakini asiporidhika na kitu gani ikiwa sisi hatukupewa hata nafasi ya kuandika namba yetu? Fomu tuliletewa imeshajazwa, tukaonyeshwa pa kusaini.

Halafu kuna hili ambalo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwenye bajeti ya 2019/20, Dk. Philip Mpango akiwa Waziri wa Fedha, serikali ilitangaza bungeni kwamba anayeanza biashara apewe nafuu ya miezi sita kabla ya kuanza kulipa kodi, tangu apate TIN, kwa kurekebisha Sheria ya Usimamizi wa Kodi. Ilitangazwa kwa sababu ya kilio hikihiki. Watu walikuwa wanakamuliwa kabla hawajafungua mlango. Nilipomtajia afisa jambo hilo, akanijibu, "Hiyo ipo, lakini cheti hakitoki bila malipo ya awamu ya kwanza." Nikamwomba aniandikie jibu hilo kwenye karatasi. Hakuandika.

Ona sasa mzunguko ulivyo. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972 inakataza kufanya biashara bila leseni. Leseni haitoki bila cheti cha kodi. Cheti cha kodi hakitoki bila kulipia faida. Faida hiyo itatoka wapi ikiwa kuuza kwenyewe kabla ya leseni ni kosa? Kodi hii inatoka mfukoni, kwenye hela ya kununulia malighafi. Ile 450,000 ilikuwa imetengwa kwa vifungashio. Vifungashio havijanunuliwa mpaka leo, na msimu wa pilipili manga hautusubiri.

Mtu ataniambia, pinga makadirio. Nimesoma hilo nalo. Pingamizi ni ndani ya siku 30, na ili lipokelewe unatakiwa kuweka kodi usiyobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa. Theluthi ya 1,800,000 ni 600,000. Maana yake nikinyamaza natoa 450,000, nikitaka haki yangu natoa 600,000 kwa mpigo. Mtu mwenye mtaji mdogo atachagua nini hapo? Ndiyo maana watu wengi wananyamaza, halafu tunasomewa kwamba wamekubali makadirio.

Nimekuja kugundua jingine baada ya kuingia kwenye akaunti ya kampuni mtandaoni. Tumesajiliwa kwenye tozo ya ufundi stadi, SDL. Tozo hiyo ni ya mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10. Sisi hatuna mfanyakazi hata mmoja, watakaosaga ni sisi wenyewe watatu. Aliyejaza aliweka tiki tu. Lakini tiki ile maana yake mfumo unasubiri ritani (taarifa ya kodi) kutoka kwetu, hata ya sifuri, na isipoonekana faini inaanza kuhesabiwa kila mwezi, na faini ya kampuni ni mara tatu ya mtu binafsi. Wangapi wana kampuni ambazo hazijawahi kufanya kazi na deni linakua kimyakimya kwa sababu ya tiki kama hiyo? Ingieni kwenye akaunti zenu leo mkaangalie, nawasihi.

Jirani yetu sokoni anauza viungo hivihivi kwa jina lake binafsi. Mauzo yake yasipozidi milioni 100 kwa mwaka anatozwa kwa viwango rahisi vya mauzo, na yasipozidi milioni 4 halipi kitu. Sisi tuliosajili kampuni hatumo kwenye utaratibu huo hata tukiuza kidogo kuliko yeye. Hesabu zetu za mwisho wa mwaka lazima zipite kwa mhasibu mwenye cheti, naye anataka chake. Simwonei wivu jirani, biashara yake ni halali na kodi analipa. Ila kila semina ya vijana tunaambiwa tujirasimishe, tusajili kampuni, tutapata tenda na mikopo. Tumejirasimisha, na dirisha la kwanza tulilofika limechukua hela ya vifungashio.

Nataka mambo matatu yafanyike na sioni kwa nini yashindikane. Kampuni mpya ipewe cheti cha kuombea leseni bila awamu ya kwanza, kama nafuu ya miezi sita inavyotaka. Fomu ya makadirio aijaze mlipakodi mwenyewe, na afisa akiikataa aandike sababu na kusaini jina lake. Na aina za kodi zisiwekwe kwenye akaunti ya mtu kabla hajaulizwa.

NYONGEZA: Kwa mliouliza, awamu ya kwanza tumelipa, hatukuwa na namna. Ila tumeandika barua kwa meneja kuomba makadirio yapitiwe upya na SDL iondolewe, nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mkuu aliyesema mtu anaweza kuomba apunguziwe ile amana ya theluthi kwa sababu za msingi, uko sahihi, sheria inaruhusu, na ombi hilo tumeliweka humohumo. Wakikaa kimya tunakwenda Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi. Kama kuna mtu humu alipewa ile miezi sita kweli, kwa kampuni, aseme ni mkoa gani na alipeleka karatasi gani. Jumatatu narudi ofisini na ningependa niwe nazo mkononi.