Mamangu ana presha, mmemuuzia chumvi mkiiita "dawa ya joto"!

Leo siandiki kwa adabu, mniwie radhi.

Joto la Mombasa mwezi wa pili mnalijua, hata feni inapuliza moto. Jumapili mamangu, miaka 67, aliingia duka la dawa huku Majengo kuchukua vidonge vyake vya presha. Akataja tu kwamba mwili umemlegea. Kijana wa kaunta: "Mama, joto limekumaliza madini." Akamtolea boksi la elektrolaiti, yaani unga wa madini ya chumvi wa kukoroga kwenye maji, pakiti 20, shilingi 2,800, anywe mbili kwa siku. Na vidonge vya presha kavishika kijana mwenyewe mkononi!

Mimi nimejua Alhamisi, nilipomkuta ameweka miguu juu ya mto. Nikambonyeza kifundo, kidole kikaacha shimo. Kliniki wakapima: 178 kwa 102. Daktari akauliza ameanza kutumia kitu gani kipya, nikatoa pakiti. Maandishi ya sisimizi, ikabidi niyapige picha niyakuze. Sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, miligramu 1,000. Kila pakiti!

Haya, pigeni hesabu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, yaani gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai. Pakiti mbili zimemaliza fungu lote kabla hajagusa mbaazi wala samaki. Achari yake siitaji, ile ni bahari.

Sisemi elektrolaiti ni uongo. Mtoto akiharisha, ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ni uhai: sukari iliyomo ndiyo inayoipitisha sodiamu kwenye utumbo, na maji yakafuata. Na bei yake ni chenji tu. Hamali wa Kongowea anayechuruzika jasho tangu alfajiri anapoteza chumvi kweli, ila chapati maharagwe inamrudishia. Mkimbiaji wa masaa mengi naye ana yake, maana akibugia maji matupu kupita kiasi sodiamu ya damu inaweza kushuka hadi azimie. Sasa mamangu anakimbia mbio gani? Za jikoni hadi barazani?

Alihitaji maji na kivuli, basi. Na nyinyi mtakaokuja hapa na "mpe madafu", polepole: dafu lina potasiamu nyingi, na mwenye figo mbovu au anayemeza aina fulani za vidonge vya presha huonywa nayo.

Nimerudi dukani. "Boksi likifunguliwa halirudi." Nikauliza mfamasia yuko wapi, kijana akaniangalia kama niliyekuja kuomba sadaka.

Zimebaki pakiti 11, ladha ya tikiti. Anayejua jinsi ya kupeleka malalamiko Bodi ya Famasia na Sumu aniandikie hapa hapa. Risiti ninayo.