Bunjin yenye matawi yanayokatika: rafia na shaba, waya wa kuvuta, au kukata kabari?

ShinaJembamba
Wakuu, habari za saa hizi. Nina bonsai, mti mdogo wa chunguni, wa msonobari mweusi wa Japani, ninaoupeleka kwenye umbo la bunjin: shina refu jembamba na matawi machache juu. Shina halina shida: refu, jembamba, limejipinda lenyewe, na gome limeanza kupasuka magamba. Kazi iko juu. Yamebaki matawi mawili tu, na la kulia, nene kama kidole gumba, limetoka shinani likipanda. Nataka lishuke, maana tawi linalopanda linaupa mti sura ya ujana, na mti huu si kijana. Nimelijaribu kwa vidole, halinepi hata kidogo.

Nimefikiria njia tatu. Kulifunga rafia (nyuzi za majani ya mmea) na waya wa shaba nikalikunja mara moja. Kulivuta polepole kwa waya uliofungwa kwenye chungu. Au kukata kabari chini ya kiungo, pale tawi linapotoka shinani, likae ninapotaka. Likivunjika sina la akiba. Mngeshika ipi?

Koleo
Rafia na shaba, bila kusita.

Loweka rafia mpaka ilegee, kisha izungushe ikibana bila kuacha mwanya, kuanzia kwenye kiungo mpaka kupita sehemu unayotaka kona. Kabla ya hapo laza nyaya mbili tatu nyembamba kwa urefu mgongoni mwa tawi, upande utakaovutwa. Wengi huiruka hatua hii. Tawi halianzi kupasuka ndani ya kona, hupasuka mgongoni ambako nyuzi zinanyooshwa, na hizo nyaya ndizo zinazozishikilia.

Halafu shaba kwa mzingo wa digrii 45 hivi, na pale kwenye kona hakikisha waya umepita mgongoni, siyo tumboni. Shaba iliyochomwa ni laini ukiifunga, lakini ikishakunjwa inakakamaa, kwa hiyo usiikunje na kuinyoosha ukijaribu pozi. Alumini ni rahisi kwa mkono, ila kwa unene huo utahitaji waya mnene mpaka tawi lisionekane.

Ukianza kukunja, lisokote tawi kidogo kwanza kufuata upande uliozungushia waya, ndipo ulishushe. Likisokotwa hivyo waya hujikaza wenyewe. Ukisokota kinyume unalegea na kazi yote imeharibika.

MamaChungu
Koleo mwanangu, hayo ni ya mtu mwenye mikono yako na matawi kumi ya kuchezea. Huyu ana mawili!

Mimi ningevuta. Chukua waya, ukunje uwe wa nyuzi mbili, upande mmoja uushike kwenye ukingo wa chungu au kwenye mzizi mnene, upande wa pili upite juu ya tawi. Pale unapogusa tawi uvishe kipande cha mpira, la sivyo utakata gome. Katikati ya nyuzi mbili pitisha kijiti. Ukikizungusha kijiti waya unajisokota na kuvuta. Robo mzunguko, unaacha wiki moja au mbili, robo nyingine. Mti unapata muda wa kuzoea, na ukiona gome la juu linaanza kufunguka unarudisha kijiti nyuma. Ukishalikunja kwa shaba, kurudi nyuma hakuna.

Koleo
Shikamoo mama. Kuvuta nakukubali kwa matawi ya kawaida. Hapa hoja yangu ni umbo. Waya wa kuvuta unatoa upinde mmoja mrefu, tawi linainama kama limechoka. Bunjin inataka kona ya ghafla pale pale shinani, kisha tawi lishuke na kugeuka tena mbele. Hiyo huipati kwa kamba.

MamaChungu
Marahaba. Upinde unatokea kwa sababu watu wanafunga waya karibu na ncha, ambako kuvuta ni rahisi. Ufunge karibu na kiungo, sentimita chache tu kutoka shinani. Utahitaji nguvu zaidi, lakini kona itatokea pale unapoitaka. Mizunguko midogo ya mbele utaifanya baadaye kwa waya mwembamba kwenye vitawi, ambavyo bado vina unyevu na vinakunjika.

WinoMweusi
Mnabishana kuhusu nguvu kabla hamjajua inahitajika kiasi gani. ShinaJembamba, chukua kipande cha ubao, kiingize chini ya chungu upande wa kushoto, mti ulale kulia. Usiguse mizizi. Kaa mbali uutazame.

Ukiulaza mti digrii 20 kulia, tawi la kulia nalo limeshuka digrii 20 bila kukunja chochote. Wasomi wa China ambao michoro yao ya wino ndiyo chanzo cha mtindo huu walipenda misonobari ya namna hiyo, inayoegemea, yenye matawi machache karibu na kilele. Kwenye bunjin shina ndilo linalosema, tawi ni la kuitikia tu. Kwa hiyo anza na pembe ya shina.

Kuhusu kabari: inafanya kazi, ila kwa sharti. Kata umbo la V upande wa chini wa kiungo, usipite nusu ya unene, ushushe mpaka nyuso mbili zikutane, paka dawa ya vidonda vya miti na ufunge lisitikisike. Nyuso zisipokutana kabisa hakuna kitakachounga. Na ni kwa mti wenye afya unaokaribia kuanza kuchipua, siyo uliotoka kubadilishwa chungu. Kwa tawi lisilo na akiba mimi nisingeanza nayo.

Chipukizi
Samahani kuingilia. Mimi nina mkomamanga, nao unakatika hivyo hivyo. Ushauri ni ule ule?

WinoMweusi
Hapana. Mkomamanga, na azalea pia, ukilikata tawi unachipua tena kwenye mti mtupu, kwa hiyo huna haja ya kupigana na tawi kuukuu. Fuata njia ya Lingnan ya kusini mwa China: kata, subiri chipukizi linaloelekea unakotaka, likue, kata tena. Kama lazima waya, fungia chipukizi linapoanza kuwa gumu, siyo likiwa jani tupu wala likishakuwa mti. Msonobari haukupi nafasi hiyo. Tawi lililobaki bila sindano, yaani majani yake membamba, hata moja mara nyingi halichipui, linakufa.

ShinaJembamba
Nimerudi. Nimeweka ubao. Kusema kweli mti umebadilika, tawi la kulia sasa limebaki kidogo tu kulala sawa. Shida ni la kushoto, limepanda zaidi na linaonekana kama mkono ulioinuliwa darasani.

WinoMweusi
Hilo nalitarajia. Hebu lifunike kwa kitambaa utazame mti bila yake.

ShinaJembamba
...Aisee. Ni bora.

MamaChungu
Usilikate leo! Liache lilishe mti wakati unalishusha la kulia. Likishakaa na mti ukaonyesha nguvu, ndipo utaliondoa, au utalibandua gome na kulibakiza kipande kifupi cha mti mkavu. Kwenye bunjin kipande kama hicho kinapendeza kuliko kovu.

Koleo
Sasa kwa kuwa zimebaki digrii chache, namwachia mama ushindi: vuta. Ila naomba mfunge rafia hata hivyo, na zile nyaya za mgongoni. Na usikilize. Mlio mdogo wa "tik" ni nyuzi za nje, simama hapo hapo, usirudishe, acha lipumzike. Ukisikia mlio mzito na kuona ufa wenye ulimbo unaochuruzika, rudisha mpaka ufa ufunge, paka dawa, funga rafia, na usiliguse msimu mzima. Tawi lenye gome zima upande mmoja lina nafasi nzuri ya kupona.

ShinaJembamba
Asanteni sana. Nitavuta, waya karibu na kiungo, rafia chini yake. Swali la mwisho: chungu kipya kwa pembe mpya nikibadilishe sasa hivi au baadaye?

MamaChungu
Baadaye. Mizizi ikilegea hutakuwa na pa kuvutia, kila ukizungusha kijiti mti mzima utatikisika. Kwa sasa acha ubao chini ya chungu, na ukimwagilia angalia maji yasituame upande ulioinama. Tawi likishatulia, msimu unaofuata uuhamishe kwenye chungu kidogo cha duara na uufunge kwa waya kupitia matundu ya chini.

Koleo
Na waya wa kwenye vitawi ukague msonobari ukiwa unanenepa. Ukianza kuzama kwenye gome, ukate kipande kipande kwa koleo, usiuzungushe kuutoa.