Programu ya wingu inaandika "imekamilika" bila kugusa faili hata moja la draivu yetu ya pamoja

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni afisa TEHAMA wa kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na kwa wiki 3 nimejizuia kuandika nikiwa na hasira, lakini hasira yenyewe imekataa kuisha.

Mazingira yetu ni ya kawaida: seva moja ya Windows yenye folda iliyoshirikishwa, ambayo wafanyakazi wote wanaijua kwa jina la draivu S, na ndani yake kuna GB 800 za ankara, hati za shehena na nyaraka za forodha. Mwishoni mwa Januari tulinunua programu ya kusimamia data kwenye wingu kwa sharti moja lililoandikwa kwenye mkataba, kwamba isome draivu hiyo yenyewe kila usiku na kupandisha nakala. Muuzaji alikuja ofisini, akaketi kwenye kompyuta tuliyoisimikia programu, akachagua S, mafaili yakaanza kupanda mbele ya mkurugenzi, na siku hiyo hiyo malipo yakaidhinishwa.

Tangu hapo kila asubuhi nilikuta alama ya kijani. Siku ya 19, dada mmoja wa uhasibu alifuta kwa bahati mbaya folda ya ankara za mteja wetu mkubwa. Nikaenda kuirejesha kutoka kwenye wingu na kukuta mafaili machache aliyopandisha muuzaji siku ya maonyesho, basi. Kumbukumbu za programu zilikuwa na mstari ule ule kila saa 8 usiku: njia haikupatikana, mafaili yaliyosomwa 0, makosa 0, kazi imekamilika. Jamani, makosa 0! Kilichotuokoa ni diski ya nje ninayoichomeka kila Ijumaa, ile ile ambayo muuzaji aliicheka.

Sababu yenyewe nimeitafuta mwenyewe. Herufi S si mali ya kompyuta nzima bali ya mtumiaji aliyeingia, na akitoka, huondoka nayo. Siku ya maonyesho S ilionekana kwa sababu nilikuwa nimeingia kwa akaunti yangu, ila usiku programu hujiendesha kama huduma (service), yaani nyuma ya pazia bila mtu yeyote kuingia, chini ya akaunti ya mfumo, ambayo haijawahi kuwa na draivu S. Hata ukiipa anwani kamili ya aina ya \\seva\nyaraka, akaunti hiyo hujitambulisha mtandaoni kwa jina la kompyuta, si la mtu, kwa hiyo seva itaikatalia mpaka kompyuta hiyo, au akaunti maalumu ya huduma, ipewe ruhusa mahali pawili, yaani kwenye ushirikishaji na kwenye folda yenyewe, kwa kuwa kati ya ruhusa hizo iliyo finyu zaidi ndiyo inayotawala. Mtu yeyote aliyewahi kupanga kazi ya usiku kwenye Windows ameshajikwaa hapo. Iweje watu wanaouza kazi hiyo hiyo wasijue?

Majibu ya huduma kwa wateja ndiyo yaliyonikera zaidi. Kwanza waliniambia nizime kompyuta na kuiwasha. Kisha wakataka huduma iendeshwe kwa akaunti ya msimamizi mkuu wa mtandao mzima, na nilipokataa wakanishauri niwape watumiaji wote ruhusa kamili kwenye folda, eti kwa muda. Mwisho wakaniomba niwashe SMB toleo la 1, itifaki ya zamani ya kushirikisha mafaili mtandaoni, ile ile ambayo kirusi cha WannaCry kiliitumia kusambaa Mei 2017, na ambayo mwaka huo huo Microsoft iliacha kuisimika yenyewe kwenye Windows 10 mpya. Yaani nivunje ukuta ili mgeni aingie, wakati mlango upo na alichokosa ni ufunguo.

Nilitengeneza akaunti ya huduma yenye ruhusa ya kusoma tu, nikaweka anwani kamili, na usiku ule ule programu ikaanza kusoma. Hapo likaibuka jambo ambalo hawakuligusia kabisa wakati wa kuuza: laini yetu ya 10 Mbps hupandisha MB 1.25 kwa sekunde ikiwa haina kazi nyingine, hivyo GB 800 zinahitaji zaidi ya siku 7 mfululizo, nasi tulikuwa na usiku tu. Zimechukua wiki 2.

Juzi nimehesabu folda ya mteja mmoja: kwenye seva kuna mafaili 1,412, kwenye wingu 1,397. Yale 15 yamo ndani ya folda zilizopandana mpaka anwani zake zimepita herufi 260, kikomo cha kawaida cha Windows, programu imeyaruka, na ripoti bado ni ya kijani. Nimewaandikia kwamba ripoti inayoficha mafaili yaliyorukwa ni ya uongo, wakanijibu kwamba programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa.

Kuna mdau aliyewahi kumbana muuzaji wa namna hii kwa kifungu cha mkataba akarudishiwa fedha? Ankara ya robo ya pili imeshafika mezani kwa mkurugenzi, na ameniuliza kama asaini.