Kuhamisha kila kitu toka HDD ya GB 500 kwenda SSD ya TB 1 bila kupiga Windows upya

steshenari_msamvu

Habari za muda huu wakuu. Nina ThinkPad T440 naitumia dukani kwangu, ni steshenari, kazi zenyewe kuchapa barua, kuskani vyeti, kuombea watu vyuo na ajira mtandaoni. Ndani ina HDD (diski ya sahani zinazozunguka) ya GB 500 na sasa imejaa, C ni nyekundu imebaki kama GB 9, na siku hizi nikifungua folda la skani mashine inaganda kwanza taa ya diski inawaka bila kuzima ndo baadaye inafunguka, mteja amesimama tu hapo anasubiri.

Nimenunua SSD (diski ya chipu, ina kasi zaidi) ya inchi 2.5 ya TB 1 na adapta ya USB kwenda SATA. Ninachotaka niitoe ya zamani niweke mpya niwashe nikute kila kitu kama kilivyo. Kupiga Windows upya sitaki maana kuna programu ya mahesabu ya duka, aliyeniwekea alishahama mji na namba ya usajili sina, ikipotea hiyo nimepoteza rekodi za wadaiwa wote. Ni Windows 10 Pro. Naanzia wapi?

fundi_kimya

Dada hilo linawezekana kabisa na wala si kazi ngumu, ila usianze kukloni (kunakili diski nzima kwenda nyingine) leo. Anza kuipima hiyo ya zamani. Hiyo dalili ya kuganda huku taa imekazana inaweza isiwe kujaa tu, inawezekana kuna sekta (vipande vidogo vya diski) hazisomeki na diski inarudia rudia kuzisoma. Pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ifungue, angalia imeandika Good (nzima) au Caution (tahadhari), halafu shuka kwenye mistari ya 05, C5 na C6 inayohesabu sekta mbovu, utuwekee hapa namba za mwisho kulia.

Wakati huo huo hamisha mafaili ya muhimu, data ya hiyo programu ya mahesabu na folda la skani, weka kwenye diski nyingine ya nje. Kukloni sio bakapu, watu wanachanganya sana hapo. Ukikosea ukachagua diski mpya kuwa chanzo na ya zamani kuwa ya kupokelea, umejiandikia utupu juu ya kazi zako zote na hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Kingine, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) kama admin andika `manage-bde -status` uone kama C imefungwa na BitLocker, lile kufuli la Windows la kuficha data za diski. Kama imefungwa toa ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 uuandike kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

mzee_wa_kupiga_chini

Mi ushauri wangu piga Windows upya tu. Diski imekaa miaka hiyo yote ina takataka kibao, virusi vya fleshi za wateja, vipande vya programu zilizofutwa, ukikloni unabeba uchafu wote unaupeleka nyumba mpya. Na Windows haikudai leseni tena, ile ya kidijitali imefungwa kwenye bodi ya mashine, siyo kwenye diski. Afu kumbuka Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na T440 ina prosesa ya kizazi cha 4 ambayo haimo kwenye orodha ya Windows 11, kwahiyo hata mashine yenyewe ungeanza kuifikiria.

steshenari_msamvu

@mzee_wa_kupiga_chini nimekuelewa kaka, mashine nyingine ipo kwenye mpango ila siyo mwezi huu, na tatizo ni hiyo programu ya mahesabu, ndo maana nimesema kupiga upya sitaki.

@fundi_kimya nimepima. Imeandika Caution kwa njano. 05 ni 000000000000, C5 ni 000000000018, C6 nayo 000000000018. BitLocker inasema Fully Decrypted, yaani haijafungwa. Folda la skani na data ya mahesabu nimeshahamishia kwenye diski ya nje, ilikwama sana kwenye mafaili kadhaa ila nadhani yameingia.

fundi_kimya

Sawa, umefanya vizuri kuhamisha kwanza. Hizo namba CrystalDiskInfo inaziandika kwa heksi (hesabu ya kumi na sita), kwahiyo 18 hapo ni sekta 24 kwa hesabu yetu ya kawaida. C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na imeziweka kiporo ikisubiri ziandikwe upya ndo iamue kuzihamisha au la. 24 siyo nyingi, lakini huwa zinaongezeka, na HDD ikishaanza hivyo usiipe kazi ya ziada. Kwahiyo usipige `chkdsk /r` kwenye hiyo ya zamani hata kama kuna mtu atakwambia, ile inasoma diski nzima mwanzo mwisho na ikikuta ubovu inaanza kuandika na kuhamisha vitu kwenye diski ambayo ni mgonjwa. Ukarabati utafanyika kwenye kopi.

Programu nyingi za kukloni za ndani ya Windows zikifika kwenye sekta isiyosomeka zinasimama na kutoa ujumbe wa cyclic redundancy check. Kwa hali yako mimi ningetumia ddrescue. Hii inachukua kwanza kila kinachosomeka kirahisi, sehemu mbovu inaziruka na kuziandika kwenye faili la ramani, ikimaliza ndo inarudi kuzipambania. Ukikatikiwa na umeme katikati, ukiwa na ile ramani unaendelea ulipoishia.

Hatua zenyewe. Ukiwa bado kwenye Windows andika `powercfg /h off` halafu zima mashine kabisa, hii inaua haibaneti (kulala kwa kutunza kazi kwenye diski) na ile Fast Startup ya kuwaka haraka, usipofanya hivyo baadaye ukitaka kugusa patisheni (sehemu za diski) utaambiwa Windows haikuzimwa vizuri. Pakua SystemRescue, mfumo wa Linux wa uokoaji unaowaka kutoka kwenye fleshi, ni kama GB 1, iandike kwenye fleshi kwa programu ya Rufus. Chomeka fleshi, washa, bonyeza F12 uchague fleshi. Kama Secure Boot (ulinzi unaozuia kuwasha mfumo mwingine) imewashwa izime kwa F1 kwanza. HDD ya zamani iache ndani ya laptop ilipo, SSD ndo iwe nje kwenye adapta, maana diski mbovu kuisomea kwenye USB inasumbua zaidi, adapta inajikata na kurudi. Chomeka na fleshi ya pili ya kuhifadhia ramani, usiiache ramani kwenye mfumo wa SystemRescue wenyewe, unakaa kwenye RAM, ukizima imepotea.

Halafu `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL`. Hapa tulia. Utaona moja ina 465.8G na nyingine 931.5G, hizo ndo GB 500 na TB 1 zako, watengenezaji wanahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024. Tuseme ya zamani ni sda na mpya ni sdb, hakikisha mwenyewe kwa macho, kisha uingie kwenye folda la ile fleshi ya ramani:

`ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.log`

ikiisha

`ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb ramani.log`

Chanzo kinaandikwa kwanza, kinachopokea cha pili. Soma mstari huo mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

nyaya_na_umeme

Naongezea. Adapta ichomeke kwenye tundu la USB 3.0, T440 inayo, maana kwenye USB 2.0 utapata MB 30 na kitu kwa sekunde na GB 500 hapo ni kama masaa manne, wakati kwenye 3.0 kinachokubana ni HDD yenyewe, ikiwa nzima inaisha ndani ya masaa mawili hivi. Yako kwa vile ni mbovu itachukua zaidi, usiogope ikipunguza mwendo ghafla, hapo inahangaika na sekta mbovu, iache. Betri ziwe zimejaa na chaja imechomekwa.

Na hiyo SSD kabla ya kuimwagia kazi ipime ukubwa kwa H2testw. Zipo sokoni zimeandikwa TB 1 ndani chipu ni ndogo, zinapokea mafaili bila kulalamika halafu zinayafuta ya mwanzo kimya kimya. H2testw inajaza diski yote na kusoma tena, ikisema finished without errors una uhakika. Inachukua muda lakini bora ujue sasa hivi kabla duka halijakataa kuirudisha.

steshenari_msamvu

Wakuu nimerudi. SSD ni nzima, H2testw imemaliza bila kosa. ddrescue nayo imemaliza usiku, mwisho iliandika rescued 500107 MB, bad-sector 12288 B, pct rescued 99.99%. Nimetoa ya zamani nimeweka SSD, IMEWAKA, na programu ya mahesabu imefunguka bila kudai chochote, nimefurahi mno. Folda la skani linafunguka papo hapo.

Ila C bado inasema 465 GB, nyekundu ile ile! Nimeingia Disk Management naona kuna 465.76 GB Unallocated kule mwisho kulia, nikibonyeza C kwa kulia Extend Volume imefifia haibonyezeki. Katikati kuna kipande cha MB 500 na kitu kimeandikwa Recovery Partition. Je sijakloni vizuri?

fundi_kimya

Umekloni vizuri kabisa, tena 12288 gawanya kwa 512 unapata 24, yaani zimepotea zile zile sekta 24 tu basi. Tatizo la C linatokana na hiyo patisheni ya katikati. ddrescue inanakili diski kama ilivyo, kila kipande mahali pake, nafasi iliyozidi inabaki mkiani. Na Windows ina sharti moja, inakubali kuitanua C kama nafasi tupu imegusana nayo kwa upande wa kulia. Sasa hapo Recovery imekaa kama gari lililopaki mbele ya geti, kiwanja kipo nyuma yake lakini C haifiki.

Una njia mbili. Ya kwanza rudi SystemRescue, andika `startx`, fungua GParted, uisukume Recovery mpaka mwisho wa diski halafu uitanue C. Diski yako ikiwa ni ya GPT (mpangilio mpya wa patisheni, wa zamani ni MBR), GParted itakwambia kwamba jedwali halitumii diski yote, ikubalie Fix. Hii inaiacha Recovery kwenye patisheni yake.

Ya pili unaifanya ndani ya Windows na ndo naipenda zaidi kwa kesi kama yako, haisukumi patisheni yoyote. Cmd kama admin:

`reagentc /disable`

hiyo inairudisha ile picha ya kurejesha mfumo kwenye folda la Windows ndani ya C. Kisha `diskpart`, `list disk`, `select disk 0`, `list partition`, tafuta namba ya ile yenye MB 500 na kitu aina ya Recovery. Tuseme ni 3, andika `select partition 3` na `delete partition override`, toka kwa `exit`. Sasa rudi Disk Management, Extend Volume itakuwa imeamka, itanue C yote, na ukimaliza `reagentc /enable`. Kurejesha mfumo kutaendelea kufanya kazi kutokea C. Uwe tu na uhakika unafuta kipande sahihi, usiguse System Reserved wala EFI, hizo ndo zinawasha mashine.

Baada ya hapo `chkdsk C: /f` ukubali ikague ukiwasha upya, halafu `sfc /scannow`, itarudisha mafaili ya Windows kama sekta mojawapo iliangukia huko. Mafaili yako mwenyewe ndo hakuna wa kukurudishia, kwahiyo yale yaliyokwama wakati unahamisha yafungue moja moja uone kama yako mzima. Kuhusu programu ya mahesabu, baadhi zinatambua mashine kwa ile namba ya volyumu unayoiona ukiandika `vol C:`, na kukloni kunaibeba hiyo namba kama ilivyo. Ingekuwa inasoma namba ya kiwandani ya diski yenyewe ingekudai usajili upya, kwahiyo umenusurika hapo.

mzee_wa_kupiga_chini

Kwa hiyo programu ya mahesabu nakubali, kukloni ndo ilikuwa jibu. Ila dada utumie muda huu kumtafuta aliyekuwekea akupe ile namba, maana siku ukinunua mashine nyingine huenda kukloni kusikuokoe, bodi itakuwa tofauti.

steshenari_msamvu

Nimefuata njia ya pili, sasa C inasoma karibu 930 GB na imekuwa buluu. sfc imesema ilikuta mafaili mabovu na imeyarekebisha. Skani za cheti cha mteja mmoja ndo hazifunguki, nitamuomba alete tena nakala. Namba ya yule kaka wa programu nimeipata kwa mtu, nimemtumia ujumbe.

Swali la mwisho, hii HDD ya zamani naweza kuichomeka kwa adapta niwe natunzia muvi?

fundi_kimya

Kwanza iweke kabatini wiki kadhaa bila kuigusa, mpaka uwe umefungua kila unachokitumia. Kama diski zako ni za MBR, kabla ya siku ya kuifuta hiyo ya zamani usizichomeke zote mbili pamoja Windows ikiwa imewaka, zina sahihi (namba ya utambulisho) moja sasa, moja itawekwa Offline, na usikubali kuiwasha kwa Online mpaka ujue kwanini, maana Windows itaibadilishia sahihi na haitabuti tena ikirudi ndani.

Ya kutunzia kitu hapana, yenye C5 kama hiyo siyo ya kuamini hata muvi. Na usiiuze wala kumpa mtu ikiwa hivyo ilivyo, ndani kuna vyeti na vitambulisho vya NIDA vya wateja wako, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mwenye kubeba lawama zikivuja ni wewe uliyezikusanya. Kufomati kwa haraka hakufuti, mtu anazirudisha kwa programu ya bure. Ukiridhika kwamba kila kitu kipo ichomeke, `diskpart`, `list disk`, chagua ile ya 465 GB, hakikisha ukubwa tena, halafu `clean all`, inaandika sifuri kwenye kila sekta na itachukua masaa. Ikigoma katikati kwa ajili ya ubovu mpelekee fundi mwenye drili aitoboe sahani za ndani huku unaangalia.