Naivasha au Ziwa Chala: wikendi moja ya marafiki kutoka Malindi

Mvuvi wa Nchi Kavu (Malindi), Jumatatu usiku

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi na wenzangu tumechoshwa na joto, na tumekubaliana kwamba mwisho wa mwezi ujao tutafunga safari ya Ijumaa hadi Jumapili kwenda kwenye mji wenye ziwa na mlima, tukapike, tutembee, tuzungumze, kisha turudi kazini Jumatatu. Nusu ya kundi inataka Naivasha na nusu nyingine inataka Taveta kwa ajili ya Ziwa Chala. Kuna nyumba huko Naivasha ambayo mwenyewe anadai arubuni kabla ya Alhamisi, kwa hiyo sina muda mrefu wa kufikiri. Naomba waliofika pande zote mbili waniambie ni wapi panafaa zaidi.

Bint Langoni (Lamu), Jumatatu usiku

Waaleikum salaam, kaka. Umeuliza kama mtu aliyeingia dukani akauliza bei bila kutaja anachotaka kununua. Mko wangapi? Mna gari lenu au mtategemea basi na treni? Kundi ni la wanaume watupu, au kuna wake na watoto? Na kabla ya yote hayo, mmetenga kiasi gani kwa kila mtu? Tafadhali sema pia kama hiyo Ijumaa yako inaanza alfajiri au baada ya swala ya Ijumaa, kwa sababu katika safari ya siku mbili na kitu, saa nane hizo ndizo zitakazoamua kama mtalala ziwani au barabarani.

Msafiri wa Bonde la Ufa (Mombasa), Jumanne asubuhi

Mimi nilifanya kazi katika shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha kwa miaka miwili, na sioni kwa nini swali hili linahitaji mjadala. Ziwa lile liko mita 1,884 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Pwani akishuka garini jioni kwa mara ya kwanza hushangaa kuona pumzi yake mwenyewe. Asubuhi mnakodi baiskeli na kuingia Hell's Gate, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1984, ambayo ni miongoni mwa hifadhi chache za wanyama nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga bila kufungiwa ndani ya gari. Wenye nguvu wanaweza kupanda Longonot, mlima wa volkeno wenye urefu wa mita 2,776, na kuzunguka ukingo wa kasoko yake, mwendo wa zaidi ya kilomita saba zenye vumbi linaloingia hadi ndani ya soksi. Jioni mnapanda boti na kuwatazama viboko na tai-samaki. Taveta mtafanya nini baada ya kulitazama ziwa kwa nusu saa?

Jirani wa Mlima (Voi), Jumanne asubuhi

Ndugu yangu Msafiri anazungumza kana kwamba Malindi iko Nakuru. Hebu tuhesabu pamoja. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni takriban kilomita 120, Mombasa hadi Voi 150, na Voi hadi Taveta 110 za lami nzuri. Jumla haifiki 400. Naivasha ni karibu 700, na katikati yake kuna Nairobi, ambayo peke yake huweza kumla mtu saa mbili. Atakayeondoka Malindi alfajiri atakuwa Taveta mchana akila ndizi za huko huko, zile zile anazozinunua kwa bei ya juu sokoni kwao.

Ama kuhusu kulitazama ziwa nusu saa, nadhani mwenzangu hajafika Chala. Ziwa lile halionekani kutoka mbali. Mtu hutembea katika nyasi kavu na miiba, akidhani amepotezwa na kiongozi wake, mara ardhi inakatika mbele ya viatu vyake na chini kabisa, ndani ya shimo la volkeno, kuna maji ya rangi ambayo asubuhi huonekana kama feruzi na mchana hugeuka kijani. Hakuna mto unaoingia humo. Maji yanatoka mlimani Kilimanjaro na kupita chini ya ardhi, na kina chake kinazidi mita 90. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya ziwa. Anayeamka mapema, kabla mawingu hayajafunga, huuona Kilimanjaro mzima na theluji yake.

Mvuvi wa Nchi Kavu (Malindi), Jumanne mchana

Nawashukuru sana. Tuko wanane, wanaume watano na wanawake watatu, bila watoto. Mmoja wetu yuko Lamu na atalazimika kuvuka kwa boti hadi Mokowe kisha apande basi la kuja Malindi, kwa hiyo tutamsubiri. Gari hatuna, ingawa mmoja anasema mjomba wake anaweza kutuazima basi dogo. Tutaondoka baada ya swala. Wawili wanapenda sana kuogelea.

Bint Langoni (Lamu), Jumanne mchana

Ahsante kwa majibu, kaka, ijapokuwa lile la fedha umeliruka. Huyo rafiki yenu wa Lamu mshaurini aje Malindi siku ya Alhamisi na alale huko. Barabara ya kutoka Mokowe kupitia Witu na Garsen si ya kukadiria saa, na basi likichelewa mtakuwa watu saba mmekaa juu ya mabegi mkimlaumu mtu asiye na kosa.

Nahodha Mstaafu (Malindi), Jumanne jioni

Nimesoma yote, na naona ni wajibu wangu kueleza yaliyotupata sisi, maana tulipanga vilevile.

Tulikuwa saba. Tulikata tiketi za treni ya saa tisa alasiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi, tukaamua kuondoka Malindi saa tatu asubuhi, na kwa hesabu ya karatasi tulikuwa na muda wa kutosha hata wa kula chakula cha mchana. Mwenzetu mmoja akasema hatuwezi kwenda bara mikono mitupu, akaingia mjini kutafuta halwa, na huko akakuta inapikwa bado, akangoja ipoe. Tuliondoka saa tano. Kilifi tulipita salama. Kuanzia Kikambala tukaingia kwenye msongamano wa malori na vumbi la ujenzi wa barabara, na pale Mtwapa tulisimama muda ambao nimeuapia kutousimulia tena. Tulipofika stesheni ya Miritini ilibaki dakika kumi. Askari akatuamuru tupange mabegi chini kwa mstari ili mbwa ayanuse, na mbwa yule, Mungu amsamehe, akaipenda halwa. Akanusa mfuko, akaurudia, akakaa. Wakati askari anafungua kifuniko cha kwanza, sote tuliisikia treni ikiondoka.

Tukapanda basi la usiku, tukafika Nairobi alfajiri na Naivasha saa sita mchana siku ya Jumamosi. Sasa sikilizeni jambo la nyumba. Tulikuwa tumelipa arubuni kwa simu, na tulikuwa na ujumbe wa kuthibitisha. Mlinzi wa lango akatuambia kwa upole mwingi kwamba nyumba ina watu. Hatukujua kwamba wikendi ile ilikuwa ya mashindano ya magari ya Safari Rally, ambayo tangu mwaka 2021 yanafanyika Naivasha kama sehemu ya mashindano ya dunia, na kwamba aliyeongeza fedha ndiye aliyepewa funguo. Tulipelekwa kwenye vyumba viwili karibu na maji, blanketi moja kwa watu wawili, jembamba kama kikoi. Usiku nilisikia kitu kinang'oa nyasi chini ya dirisha, polepole, kwa mkupuo, kama mtu anayechana kitambaa. Nikadhani ni ng'ombe. Nilipoweka mkono kwenye komeo la mlango, mlinzi akanong'ona kutoka kwenye kibanda chake, "Mzee, rudi ndani, huyo ni kiboko."

Jumapili saa moja asubuhi tuliondoka, kwa kuogopa kuikosa treni ya kurudi. Tulikaa Naivasha saa kumi na tisa. Halwa tuliila sisi wenyewe.

Msafiri wa Bonde la Ufa (Mombasa), Jumanne usiku

Pole sana, mzee wangu, lakini kosa hapo ni la halwa na la mwenye nyumba, si la Naivasha. Chukueni treni ya saa nne usiku siku ya Ijumaa. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500, na mtapata nafasi ya kuswali Ijumaa kwenu na kusafiri bila pupa. Mkishuka Syokimau usiku wa manane muwe na gari mliloagiza mapema, na jua likichomoza mtakuwa mnateremka ukingo wa Bonde la Ufa mkilitazama pale chini. Mandhari hiyo peke yake inalipa usingizi uliopotea. Nyumba nayo msilipe kabla mtu mnayemwamini hajaiona kwa macho, kwa sababu maji ya ziwa yamepanda tangu mwaka 2020 na baadhi ya nyumba zinazosifiwa kuwa "hatua chache kutoka ziwani" siku hizi zimo ziwani.

Mwalimu wa Jiografia (Malindi), Jumatano asubuhi

Naomba kuongeza jambo moja, kwa kuwa naona wengi wanadhani kila ziwa la Bonde la Ufa ni la magadi. Naivasha ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ijapokuwa halina mto unaotoka. Mito ya Malewa na Gilgil inaingia, na sehemu ya maji hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi yake. Ndiyo sababu mashamba ya maua yapo pale na si Elementaita.

Jirani wa Mlima (Voi), Jumatano asubuhi

Mwalimu, Chala nalo ni maji yasiyo na chumvi, na halina hata mto unaoingia. Kwa hiyo tuko sawa.

Mwalimu wa Jiografia (Malindi), Jumatano asubuhi

Sikusema kinyume. Lakini kwa kuwa umenikaribisha: mwanzisha mada anatafuta baridi, na hujamwambia kwamba Chala liko chini ya mita 900 na kwamba Taveta ni mji wa tambarare unaoutazama mlima kutoka chini. Joto la Taveta mwezi wa Februari halina huruma, na upepo wa bahari wa kulipunguza haupo. Hujamwambia pia kuhusu mamba. Amesema wawili wao wanapenda kuogelea, na mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa na mamba akiogelea katika ziwa hilo hilo.

Jirani wa Mlima (Voi), Jumatano mchana

Hilo la mamba ni kweli, na mimi sijamshauri mtu yeyote aogelee. Wenyeji wako wanaokwambia kwamba mamba walikwisha, na wako wanaokwambia kwamba hawakwisha, na mimi kati ya hao wawili humsikiliza wa pili. Lakini tuwe waadilifu: Naivasha nako hakuogeleki kwa sababu ya viboko, na korongo la Hell's Gate lilipatwa na mafuriko ya ghafla mwezi wa Septemba 2019 yakawaua watalii waliokuwa ndani, na mvua yenyewe ilikuwa imenyesha mbali juu. Anayetaka kuogelea abaki Malindi.

Kuhusu joto, dawa ipo. Laleni Wundanyi, juu ya Milima ya Taita. Mnapanda kona kutoka Mwatate, na usiku mtatafuta sweta bila kuambiwa na mtu. Kilele cha Vuria kiko mita 2,208, na Jumamosi mnashuka kwenda Chala na kurudi.

Kijana wa Marafa (Malindi), Jumatano mchana

Mimi sielewi. Mnataka kulipa nauli ya watu wanane ili mkaone korongo jekundu huko bara, na Nyari iko Marafa, mwendo mfupi kutoka mjini, na wengi wenu hamjawahi kuikanyaga jioni wakati kuta zake zinawaka kama makaa. Ziwa mkitaka, Jilore lipo.

Mvuvi wa Nchi Kavu (Malindi), Jumatano usiku

Kijana wa Marafa, ndugu yangu, Nyari tumeshapelekwa na shule mara tatu. Tunatafuta mahali ambapo mtu ataamka akitetemeka.

Nimewasomea wenzangu yote haya. Wale wa Naivasha wamesikia habari ya kiboko na wawili wamehamia Taveta, na wale wa Taveta wamesikia habari ya joto na mmoja amehamia Naivasha. Rafiki yetu wa Lamu anaitaka Wundanyi, lakini mwingine anasema Wundanyi haina ziwa, na tulikubaliana ziwa. Mjomba naye amesema basi lake dogo halina breki za kuteremkia kona za Taita, na sasa tunajiuliza kama lina breki za kufikia Mtwapa. Mwenye nyumba amenipigia tena leo kuhusu arubuni. Je, kuna anayejua gari la kukodi pamoja na dereva anayeizoea njia ya Mwatate?

Nahodha Mstaafu (Malindi), Jumatano usiku

Muulize kwanza huyo mwenye nyumba kama ana blanketi nane.

Bint Langoni (Lamu), Alhamisi asubuhi

Kaka, dereva yuko, anatoka Mpeketoni na njia ya Taita anaijua. Lakini hawezi kunipa bei, na mimi siwezi kukupa dereva, kwa sababu tangu Jumatatu bado hujasema mmetenga kiasi gani.