Naomba ushauri: mita 60 za ziwa zinapimwa kuanzia wapi?

Wakuu, kuna mgogoro wa mpaka wa shamba kando ya ziwa, Ukerewe. Baraza la kata, tangu sheria ibadilishwe 2021, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila mwafaka, mdai anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti cha baraza la kata kwamba usuluhishi umeshindikana. Hapo pako wazi.

Kinachosumbua ni mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004, yaani eneo la kando ya ziwa ambamo shughuli za kudumu zimekatazwa. Ziwa lilipojaa 2020 lilimeza minyaa ya mpakani, sasa pameota matete matupu. Mpimaji aanzie ukingo wa leo, au pale maji yalipofika? Aitwe afisa ardhi wa halmashauri, au watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria? Naombeni mwongozo mapema, majirani hawa wanazikana.